Mzio wa njugu: Hatari iliyofichika katika unga wa uji

Mtaani Kamenu, mjini Thika, kama kwingineko nchini, unga wa uji wa watoto aghalabu huchanganywa wimbi, mtama, soya na njugu karanga. Kwa mtoto mwenye mzio wa njugu, hata kiasi kidogo chaweza kumvimbisha midomo na kumbana pumzi. Dalili hizo zikitokea, akimbizwe hospitalini mara moja.

Ni heri mzazi anunue wimbi bila mchanganyiko, kisha apeleke kwa mashine isiyosaga njugu. Uji huo unywewe na jamaa wote, mtoto asijione ametengwa. Mwenye mzio wa ngano naye afinyange vinyago kwa udongo, si kwa unga wa ngano uliokandwa.

Mama asijilaumu: mzio hutokana na kinga ya mwili kukiona chakula kuwa adui, wala si upungufu wa malezi.