Hekta Laki Moja za Mawese: Miaka Mia ya Kununua Mashamba ya Kongo

Mwaka 1912 Mfalme Albert wa Ubelgiji alikabidhiwa kipande cha sabuni kilicholazwa ndani ya kisanduku cha pembe za ndovu. Sabuni hiyo ilitokana na mawese ya kwanza ya Leverville, kinu kipya kilichojengwa kando ya mto Kwilu, kusini-magharibi mwa Kongo. Aliyeituma ni William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight. Aprili ya mwaka uliotangulia alikuwa ametia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, na watu walioshika mali yake baada yake wameendelea kubishana juu ya matokeo ya saini hiyo kwa zaidi ya miaka mia.

Ubelgiji ilikuwa imeichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1908, dunia ikiwa bado inazungumzia mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira. Brussels ilitaka mwekezaji mwenye sura safi. Lever alikuwa nayo, maana pale Port Sunlight, karibu na Liverpool, alikuwa amewajengea wafanyakazi wake nyumba nzuri na bustani. Akakubali kujenga shule na hospitali na kulipa mshahara wa chini wa sentimu 25 kwa siku. Naye akapewa duara tano kwenye ramani, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60, na ndani yake haki ya kujichagulia ardhi mpaka hekta 750,000. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge. Vituo vikapewa majina ya wakubwa: Alberta na Elisabetha kwa heshima ya mfalme na malkia, na Leverville kwa heshima ya Lever mwenyewe.

Watu waliokuwa wakiishi ndani ya duara hizo hawakuulizwa. Mchikichi ni mti wa kwao, na walikuwa wakiukwea, wakikamua mawese na kuyauza kabla Lever hajazaliwa. Baada ya mkataba, michikichi ya porini ikahesabiwa kuwa ya kampuni, na mwanakijiji akawa mtu wa kukata mikungu na kuipeleka kwenye mizani ya mnunuzi mmoja tu. Kodi ya kichwa ya serikali ilimsukuma afanye hivyo, na pale kodi isipotosha, machifu na askari walisaidia. Jules Marchal, Mbelgiji aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali hiyo ya kikoloni na baadaye balozi, alitumia miaka ya uzee wake kupekua nyaraka za jambo hilo na kulitolea kitabu. Hakusita kuiita kazi hiyo kwa jina lake, yaani kazi ya kulazimishwa.

Mdororo wa uchumi ulipoangusha bei ya mawese duniani, kampuni ilipunguza malipo ya chikichi lakini kodi haikupungua. Mwaka 1931 Wapende wa eneo la Kwango na Kwilu waliasi. Ofisa mmoja wa Kibelgiji aliuawa, na jeshi la kikoloni likalipiza kwa kuua zaidi ya watu 500. Kwa mhasibu wa London huo ulikuwa mwaka mbaya wa bei na basi. Ndiyo maana naona historia ya kampuni hizi haisomeki vizuri kwenye vitabu vya hesabu peke yake.

Hata hivyo, vitabu vya hesabu navyo vina kisa chake, na Lever mwenyewe ndiye mhusika mkuu. Januari 1920, bei ya mawese ikiwa juu kutokana na vita iliyotoka kwisha, aliinunua Niger Company ya Nigeria kwa zaidi ya pauni milioni 8. Alikuwa na haraka, wala hakuvipekua vitabu vya kampuni hiyo kama inavyotakiwa. Baadaye ikabainika kwamba alichonunua kilikuwa na deni la benki la takriban pauni milioni 2. Miezi michache ikapita, bei ya mawese ikaanguka vibaya. Lever Brothers, mojawapo ya kampuni tajiri kabisa za Uingereza, ikajikuta ikihangaika kutafuta fedha za kulipa wauzaji. Ilibidi aitwe mhasibu, Francis D'Arcy Cooper, kuinusuru. Lever alipofariki Mei 1925, Cooper ndiye aliyeshika kiti chake.

Mtu aliyeijua biashara ya mawese kuliko karibu kila mzungu wa zama zake alikaribia kufilisika kwa sababu ya mawese. Jambo hilo lingetosha kuwatia tahadhari waliokuja baadaye.

Tabu ya mmea huu iko kwenye muda. Mche ukipandwa shambani, unaanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, unafikia kilele kati ya mwaka wa saba na kama wa kumi na nane, na ukifika miaka 25 unakuwa mrefu mno kiasi kwamba kuuvuna ni hasara. Mkungu ukishakatwa, tunda linaanza kuchachuka saa hiyohiyo. Lisipofika kinuni ndani ya siku moja au mbili, asidi inapanda na bei ya mafuta inashuka. Kwa hiyo shamba bila kinu ni pori tu, kinu bila barabara ni vyuma tu, na vyote viwili bila njia ya kufika sokoni ni deni. Kutoka Lokutu, mojawapo ya mashamba yaliyotokana na mkataba wa Lever, mafuta husafiri kwa tishari zaidi ya kilomita 1,000 kushuka mto Kongo mpaka Kinshasa. Ukitaka kuyafikisha baharini, maporomoko yanakulazimisha uyapakie kwenye treni hadi Matadi.

Kongo haikukosa maarifa. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, mwendo mfupi kutoka Kisangani kwa kufuata mto, mtaalamu A. Beirnaert alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwamba ukichanganya mchikichi wenye kokwa ya gamba nene na ule usio na gamba, unapata tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Takriban kila shamba kubwa la michikichi duniani leo limepandwa mbegu ya namna hiyo. Malaysia na Indonesia, ambako michikichi minne ililetwa mwaka 1848 na kupandwa katika bustani ya Bogor, sasa zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Kongo, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabla ya uhuru, inaagiza mafuta kutoka nje.

Yaliyotokea baada ya 1960 wasomaji wengi wanayajua kwa sehemu. Mwaka 1964 Pierre Mulele aliwasha uasi kulekule Kwilu, na Agosti mwaka huohuo waasi wa Simba waliiteka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kuwa mali za wageni zitakabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Mashamba ya Unilever, kampuni iliyotokana na ile ya Lever, yakaja kuguswa na baadaye kurudishwa. Vita vya 1998 vikaukata mto vipande viwili, mashamba yakabaki upande wa waasi na soko upande wa serikali. Leverville, ambayo sasa inaitwa Lusanga, ilikuwa imeshaachwa. Siku hizi Lusanga inajulikana zaidi kwa wasanii wake, vibarua wa zamani na watoto wao, ambao kazi zao zilionyeshwa Venice mwaka 2024.

Mwaka 2009 Unilever ikauza kilichobaki: Lokutu, Yaligimba na Boteka, jumla ya hekta zaidi ya laki moja. Mnunuzi alikuwa Feronia, kampuni changa iliyoandikishwa muda mfupi baadaye kwenye tawi la kampuni ndogo la soko la hisa la Toronto. Bei ilikuwa takriban dola milioni 4. Ukigawa, ni kama dola 40 kwa hekta, wakati kupanda hekta moja mpya ya michikichi na kuitunza mpaka izae hugharimu maelfu ya dola.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa, na sidhani kama ulifichwa. Kila tangazo lililoelekezwa kwa wenye fedha lilianza na hesabu ya hekta. Waliosoma kwa makini waliona kwamba michikichi yenyewe ilikuwa kwenye robo hivi tu ya eneo hilo, na mingi ilikuwa imezeeka. Vinu vilikuwa vya enzi za Wabelgiji, matishari yalihitaji matengenezo, na juu ya yote kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi, hospitali na shule zilizorithiwa tangu ahadi za 1911. Kampuni iliyonunua ardhi kwa bei ya kutupa ilikuwa imenunua pia wajibu wa kuendesha karibu wilaya nzima mahali ambapo serikali haionekani.

Na bei? Mwaka 2011, hisa zikiwa bado na mvuto, tani ya mawese ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 1,100 kwenye soko la dunia. Feronia ikapanda miche mipya. Miche hiyo ilipokaribia kuzaa, bei ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 600. Karibu kila mwaka kampuni iliandika hasara, na kila hasara ilizibwa kwa hisa mpya, kiasi kwamba aliyenunua mwanzoni alijikuta fungu lake likizidi kuwa dogo. Wawekezaji binafsi walipochoka, zikaingia taasisi za maendeleo za Ulaya. CDC ya Uingereza ikawa mwenye hisa mkubwa. Desemba 2015 kundi lililoongozwa na DEG ya Ujerumani, pamoja na FMO ya Uholanzi na BIO ya Ubelgiji, likakubali kukopesha dola milioni 49. Ndiyo, Ubelgiji: nchi iliyomgawia Lever ardhi hiyo mwaka 1911 ikarudi baada ya karne kama mkopeshaji wa mrithi wake.

Nao watu wa ndani ya duara hawakuwa wamesahau. Novemba 2018 jumuiya tisa ziliwasilisha malalamiko rasmi kwa wakopeshaji hao, zikidai ardhi ilichukuliwa bila ridhaa ya babu zao na kwamba hati zinazotumika hazina uhalali. Julai 2019 mwanaharakati mmoja wa ardhi aliuawa, na aliyetuhumiwa alikuwa mlinzi wa kampuni. Novemba mwaka huo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu vibarua wa kupulizia dawa wasio na vifaa vya kutosha vya kujikinga, mishahara ya umaskini na maji machafu ya kinu kumwagwa mtoni. Kampuni ilijitetea kuwa ilirithi mashamba yaliyochakaa na ilikuwa ikiyafufua. Utetezi huo una ukweli wake, ila ni utetezi wa mtu aliyenunua mali ya urithi akitarajia urithi wenyewe usidai chochote.

Mwaka 2020 Feronia ilifilisika. Mashamba yalihamia kwa kampuni iliyoandikishwa Mauritius na kuhusishwa na mfuko wa uwekezaji wa New York unaoitwa Kuramo. Wakopeshaji wakapunguza madai yao, na wenye hisa wa Toronto hawakupata kitu.

Ajali hii haikuwa ya Kongo peke yake. Mwaka 2009 Sime Darby ya Malaysia, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za mawese duniani, ilipewa na Liberia hekta 220,000 kwa miaka 63. Wanakijiji walilalamika mapema, Ebola ikaja mwaka 2014, na miaka kumi baada ya mkataba michikichi ilikuwa kwenye hekta elfu kumi na kitu. Kampuni ikauza mradi kwa dola 1. Nchini Kamerun, Herakles Farms ya Wamarekani ilitaka hekta 73,000 na mwaka 2013 ikaambulia chini ya theluthi.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki habari hizi zina maana, kwa sababu tumeanza kuhesabu michikichi upya. Tangu 2018 serikali ya Tanzania imekuwa ikihimiza zao hilo Kigoma na kugawa miche ya tenera ili kupunguza uagizaji wa mafuta ya kula. Uganda ilitangulia katika kisiwa cha Bugala, Kalangala: shamba la kampuni la takriban hekta 6,500 na wakulima wadogo wanaoliuzia chikichi kwa bei inayokokotolewa kutoka soko la dunia. Hata huko, mwaka 2015 kundi la wakazi lilikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Hata hivyo napendelea mpango wenye wakulima ndani yake. Bei ikianguka, mkulima wa Kigoma mwenye ekari mbili anaweza kukamua mawese yake na kuyauza gulioni mwenyewe. Kampuni yenye vibarua elfu kadhaa na marejesho ya mkopo kila robo mwaka haina gulio la kukimbilia.

Waliopoteza fedha Feronia wana jambo moja zaidi la kuwauma. Mwaka 2021 wastani wa bei ya mawese duniani ulipita tena dola 1,100 kwa tani, na Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na mafuta ya alizeti kuadimika, ilikuwa juu ya dola 1,500. Michikichi iliyopandwa kwa fedha zao kati ya 2010 na 2015 ilikuwa ndiyo kwanza imefikia umri wa kuzaa sana, na mikungu yake ilikuwa ikiingia vinuni kwa jina la mwenye mali mwingine.