Mkonge wa Same na Kamba ya Maabara

Ndugu msikilizaji, ukisafiri kwa basi kwenda Moshi, baada ya Hedaru utaona mashamba ya mkonge ya Makanya, Milima ya Upare ikiwa kulia kwako. Mkonge huo uliwahi kuitwa dhahabu ya kijani. Ukiuliza nani aliuangusha, wengi watakujibu: utaifishaji wa mwaka 1967. Upo ukweli humo, lakini mshtakiwa mwingine alizaliwa maabara.

Machi 1933, huko Winnington, Uingereza, wakemia Reginald Gibson na Eric Fawcett waliibana gesi ya ethilini kwa nguvu kubwa mno, wakapata kitu cheupe kama nta. Walipojaribu tena, mtambo ulilipuka. Siri ilianza kufichuka Desemba 1935. Mtambo ulivuja, wakaongeza gesi nyingine, nayo kwa bahati ilikuwa na oksijeni kidogo.

Oksijeni hiyo ndiyo iliyokuwa kianzishi. Kazi ya kianzishi ni kama ya kiberiti: huzaa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake. Kipande hushika ethilini moja, hiyo hushika nyingine, mpaka unapatikana mnyororo mrefu. Kianzishi kikizidi, minyororo mingi huanza kwa pamoja, na kila mmoja hubaki mfupi.

Lakini radikali huru haina adabu. Huurukia mnyororo wa jirani, na hapo huota tawi. Minyororo yenye matawi haipangiki vizuri, ndiyo maana plastiki ile ilikuwa laini. Ilifaa kufunika nyaya za rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kushindana na kamba ya katani haikuweza.

Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani aliachana na radikali, akatumia kichocheo cha titani na alumini. Minyororo ikanyooka. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia akatumia njia hiyo kupata polipropilini, plastiki inayovutwa ikawa uzi imara. Hiyo ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya katani kwa wakulima wa Ulaya na Marekani.

Ziegler na Natta walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Mwaka uliofuata, nchi yetu ilivuna karibu tani 230,000 za katani, kilele chake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika 30,000.

Ndugu msikilizaji, tulikuwa tukihesabu marobota huku kamba ya kututoa sokoni imekwisha kusokotwa. Anayelima kwa ajili ya soko la dunia hana budi kujua pia kinachopikwa maabara.