Mashindano ya ridhaa ya farasi ya hatua tatu

Mashindano ya ridhaa ya farasi ya hatua tatu ni mchezo ambao mpanda farasi asiyelipwa hushindana akiwa na farasi yuleyule katika majaribio matatu: dresaji, kuruka vizuizi uwanjani na mbio za nyika. Pointi za adhabu za majaribio yote hujumlishwa, na mwenye pointi chache zaidi ndiye mshindi. Mchezo huu una mizizi yake Ulaya. Nchini Uingereza, ambako unafuatwa na watu wengi, mashindano ya ngazi za chini hufanyika karibu kila wikendi kuanzia Machi hadi Oktoba.

Washiriki wengi ni watu wenye kazi nyingine, kama vile wauguzi, walimu, wakulima, makarani na wanafunzi. Humtunza farasi mmoja kwa gharama zao wenyewe, humzoeza kabla au baada ya saa za kazi, kisha Jumamosi au Jumapili humpakia katika trela na kwenda kushindana. Zawadi ya mshindi mara nyingi ni utepe wa kitambaa na fedha kidogo zisizofikia hata ada ya kuingia pamoja na mafuta ya gari.

Historia

Hatua tatu zilitokana na majaribio ya farasi wa jeshi. Farasi wa ofisa alitakiwa kuwa mtulivu katika gwaride, kuweza kukimbia mbali na kuvuka chochote kilichopo njiani, na siku ya pili bado awe mzima wa kuendelea na kazi. Mchezo uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912 mjini Stockholm, na kwa miaka mingi walioruhusiwa kushindana walikuwa maofisa wa jeshi tu. Raia wa kawaida waliingia mwaka 1952 huko Helsinki. Wanawake walisubiri hadi Tokyo mwaka 1964, ambapo Lana du Pont wa Marekani alishiriki na kupata medali ya fedha pamoja na timu yake.

Nje ya Olimpiki mambo yalikwenda haraka zaidi. Baada ya Michezo ya London ya 1948, Duke wa Beaufort alianzisha mashindano katika shamba lake la Badminton, Gloucestershire, mwaka 1949 ili Waingereza wapate mahali pa kujiandaa. Mwaka 1954 Margaret Hough alishinda hapo akiwa na farasi wake Bambi V, na Sheila Willcox alishinda miaka mitatu mfululizo, 1957 hadi 1959, wakati Olimpiki ilikuwa bado imewafungia wanawake mlango.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 21 mashindano makubwa yalikuwa na safari ndefu ya barabarani pamoja na mbio za vizuizi kabla ya mbio za nyika zenyewe. Sehemu hizo ziliondolewa, na Olimpiki ya Athens ya 2004 ilikuwa ya kwanza kuendeshwa bila hizo. Kwa watu wa ridhaa badiliko hilo halikuwa kubwa, kwa sababu mashindano yao kwa kawaida huisha kwa siku moja.

Hatua tatu

Dresaji huja kwanza. Farasi hufanya mizunguko na mabadiliko ya mwendo katika uwanja wenye herufi pembeni, ambao kwa ngazi za chini mara nyingi huwa na ukubwa wa mita 20 kwa 40. Mwamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila tendo. Hakuna kasi wala kuruka hapa, na watazamaji wageni huona inachosha. Hata hivyo, ndiyo hatua inayoonyesha kama farasi anamsikiliza aliye mgongoni au anavumilia tu. Asilimia ya alama hutolewa katika 100, na kinachobaki ndicho adhabu: farasi aliyepata asilimia 66.5 anaanza na pointi 33.5.

Katika mashindano ya siku moja ya Uingereza, hatua ya pili ni vizuizi vya uwanjani. Fito zake zimewekwa juu ya vishikizo vyepesi na huanguka zikiguswa vibaya. Kila ufito ulioanguka ni pointi 4. Farasi akigoma mara ya kwanza ni pointi 4 pia, mara ya pili huongezwa 8, na mara ya tatu huondolewa.

Mbio za nyika ndizo kiini cha mchezo. Njia hupita malishoni, msituni na kwenye miteremko. Vizuizi vyake haviwekwi kwa vishikizo vyepesi: ni magogo, ua, mitaro, kingo za udongo na madimbwi ya maji. Kugoma mara moja ni pointi 20, mara ya pili kwenye kizuizi hichohicho ni 40 zaidi, na mara ya tatu hapohapo ni kuondolewa. Mpanda farasi akianguka, siku yake imekwisha. Kuna muda uliopangwa, na kila sekunde inayozidi ni pointi 0.4. Katika ngazi za chini za Uingereza hata anayefika mapema mno hupewa adhabu, ili asiyejua kupima kasi asijaribu kushinda kwa mbio tupu.

Viwango

Chama kinachosimamia mchezo huu nchini Uingereza, British Eventing, huita ngazi zake za chini kwa urefu wa vizuizi vya nyika kwa sentimita: BE80, BE90 na BE100. Juu yake kuna ngazi inayoitwa Novice yenye vizuizi vya sentimita 110. Jina hilo maana yake ni mwanagenzi, nalo hupotosha, kwani wengi wa ridhaa hawafiki hapo maisha yao yote. Vizuizi vya uwanjani huwa juu kidogo kuliko vya nyika katika ngazi hiyohiyo.

Kasi pia hupanda. Katika BE90 muda hupangwa kwa mita 450 kwa dakika, katika BE100 kwa mita 475, na Novice kwa mita 520. Kwa hiyo njia ya mita 2,500 katika BE90 hupangiwa dakika 5 na sekunde 33. Maandalizi ya miezi hupimwa ndani ya muda huo mfupi.

Lalamiko la kudumu la watu wa ridhaa ni kwamba wapanda farasi wa kulipwa nao huja katika ngazi hizi, wakiwa na farasi wachanga wanaofundishwa kwa ajili ya ngazi za juu au kwa kuuzwa. Si kosa, kwani farasi mchanga lazima aanzie mahali fulani. Ila karani anayepanda mara nne kwa wiki hujikuta akishindana na mtu anayepanda farasi kumi kwa siku. Waandaaji hujaribu kupunguza tatizo hilo kwa kutenga makundi yaliyo wazi kwa wote na mengine yenye masharti. Pia kuna ubingwa wa taifa wa ngazi ya BE90 na BE100 unaofanyika Badminton. Anayefuzu hupanda katika shamba lilelile la mashindano makubwa, ingawa si juu ya vizuizi vilevile.

Hesabu inavyogeuka

Mfano unaonyesha jinsi mambo yanavyobadilika. Mpanda farasi amemaliza dresaji kwa 33.5 na yuko katikati ya kundi. Uwanjani anaangusha ufito mmoja, anakuwa na 37.5. Nyikani farasi wake anatazama maji, anasita na kurudi nyuma: pointi 20. Wanageuka, wanajaribu tena na kupita, lakini muda umepotea na wanafika wakiwa wamechelewa sekunde 25, yaani pointi 10. Jumla ni 67.5, na jina lake liko karibu na mkia wa orodha. Mwingine aliyeanza na 38 lakini hakuangusha kitu, hakugoma na hakuchelewa, anabaki na 38 na pengine anapata utepe.

Ndiyo maana wazoefu wa ngazi hizi hawaanzi kwa kuuliza nani ameshinda. Huuliza nani amemaliza njia zote mbili bila adhabu. Farasi aliyegoma kwenye maji mwezi Aprili na kuyapita bila kusita mwezi Juni huhesabiwa kama mafanikio hata akiwa wa ishirini.

Mazoezi ya wiki

Wiki ya kawaida ina siku mbili za kazi ya dresaji, siku moja ya kuruka, siku moja au mbili za kupanda vilima au kutembea barabarani ili kujenga pumzi na miguu, na siku ya mapumziko. Wakati wa baridi jua huzama mapema kaskazini mwa Ulaya, hivyo wanaotoka kazini jioni hufanya mazoezi chini ya taa katika uwanja wa kukodi, au hubaki na wikendi tu. Zaidi ya kupanda kuna kusafisha banda, kulisha, kumsugua farasi, kumwita fundi wa kwato kila baada ya wiki sita hivi, na kukagua tandiko, lijamu na hatamu.

Jambo gumu zaidi kulizoeza ni maji. Farasi haoni kina cha dimbwi, na hana sababu ya kuamini kwamba chini ni pagumu isipokuwa aliyempanda amemwambia hivyo mara nyingi bila kumdanganya. Kwa hiyo hufundishwa kwa kutembea, nyuma ya farasi mzoefu, kabla ya kutakiwa kuruka ndani.

Siku ya mashindano

Siku huanza kabla ya alfajiri kwa kusuka manyoya ya shingo ya farasi na kupakia. Kila mshiriki ana dakika yake ya kuanza. Kabla ya kupanda, huipitia njia ya nyika kwa miguu, wengine mara mbili, wakitazama udongo ulivyo, jua litakuwa upande gani, na wapi kuna njia ndefu iliyo rahisi badala ya ile fupi. Wanaokaa kwenye vizuizi na kuandika waliogoma na walioanguka ni watu wa kujitolea. Bila wao mashindano hayafanyiki.

Hali ya hewa ndiyo bwana wa ratiba. Mvua nyingi hufuta wikendi nzima, na ukame huifanya ardhi iwe ngumu kiasi kwamba wengi hukataa kukimbiza farasi. Hata Badminton yenyewe ilifutwa mwaka 2012 kwa sababu ya ardhi kujaa maji, na mwaka 2001 kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo.

Hatari na usalama

Ajali iliyojulikana zaidi duniani katika mchezo huu ilimpata mtu wa ridhaa. Mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve, aliyejulikana kwa filamu za Superman, alikuwa akishindana huko Culpeper, Virginia, tarehe 27 Mei 1995. Kwenye kizuizi cha tatu cha mbio za nyika farasi wake alisimama ghafla, naye akatupwa mbele na kuangukia kichwa. Alikuwa amevaa kofia na kizibao cha kinga, lakini uti wa shingo uliumia na akapooza kuanzia shingoni. Hadi kifo chake mwaka 2004 alitetea utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo.

Mwaka 1999 wapanda farasi watano walikufa katika mashindano nchini Uingereza, na tume iliyoongozwa na Lord Hartington ilitoa ripoti yake mwaka 2000. Aina ya anguko linaloogopwa zaidi ni pale farasi anapogonga kizuizi kigumu kwa miguu ya mbele, anapinduka na kumwangukia mtu. Baada ya ripoti hiyo vilibuniwa vishikilio vinavyovunjika au kufunguka kwa kani fulani, ili gogo lidondoke kabla farasi hajapinduka. Siku hizi mshiriki huvaa kofia iliyokaguliwa na kizibao cha kinga, na wengi huongeza fulana inayojaa hewa mara mtu anapotengana na tandiko. Aliyeanguka hupimwa na daktari kabla ya kuruhusiwa kupanda tena.

Kinga nyingine haigharimu kitu, nayo ni kujiondoa. Mpanda farasi anaweza kuinua mkono na kusimama wakati wowote akiona farasi amechoka, anachechemea au amepoteza ujasiri. Katika orodha ya matokeo huandikwa tu kwamba alijiondoa. Kwa aliyelipa ada na kuendesha gari saa tatu, uamuzi huo ni mgumu kuliko kizuizi chochote.

Afya ya farasi

Farasi mzima aliyepumzika ana mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya mbio za nyika hutembezwa, humwagiwa maji na kutazamwa hadi pumzi ishuke. Jeraha linalovunja misimu mingi ni la kano za nyuma ya mguu wa mbele. Asubuhi mguu huwa wa moto na umevimba kidogo, na kutoka hapo matibabu yanaweza kuchukua miezi tisa hadi mwaka. Mtaalamu hupanda farasi mwingine wakati huo. Mwenye farasi mmoja husubiri, huku akilipia chakula, banda na daktari.

Afrika ya Mashariki

Nchini Kenya kupanda farasi kama mchezo kulienea wakati wa ukoloni, na hadi leo kunapatikana hasa Nairobi na katika nyanda za juu. Farasi wengi wa wapandaji huko ni waliostaafu mbio za uwanja wa Ngong. Huwa wepesi na wenye pumzi, lakini huhitaji kufundishwa upya kwamba si kila uwanja wazi ni wa kukimbia.

Kikwazo kikubwa ni tauni ya farasi ya Kiafrika, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na usubi na kuua farasi wengi wanaoambukizwa, wakati punda milia huvibeba virusi bila kuugua. Farasi huchanjwa na kuingizwa ndani kabla ya jua kuzama, saa ambazo usubi huuma. Kwa sababu ya ugonjwa huo nchi nyingine huweka masharti makali ya karantini, hivyo mpanda farasi wa Kenya anayetaka kushindana Ulaya kwa kawaida humwacha farasi wake nyumbani na kutafuta wa kuazima huko aendako.