Historia Fupi ya Kipindi cha Flip Wilson

Alhamisi usiku, tarehe 17 Septemba 1970, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kwa mara ya kwanza The Flip Wilson Show. Mwendeshaji wake, Clerow Wilson, alikuwa na umri wa miaka 36. Alizaliwa Jersey City katika familia maskini, akalelewa huku na huko na walezi, na akiwa na miaka 16 akadanganya umri ili apokewe Jeshi la Anga. Huko jeshini ndiko wenzake walikompachika jina la Flip.

Kabla yake, NBC hiyo hiyo ilimpa mwimbaji Nat King Cole, Mweusi kama Wilson, kipindi mwaka 1956. Kilidumu kama mwaka mmoja tu, maana hakuna kampuni kubwa iliyothubutu kukidhamini nchi nzima. Kwamba Wilson naye alipata nafasi, hatuna budi kumshukuru mchekeshaji mwenzake Redd Foxx. Mwaka 1965 Johnny Carson, mwendeshaji wa kipindi cha mazungumzo cha usiku, alimuuliza Foxx hewani ni mchekeshaji gani anayemchekesha kuliko wote, naye, badala ya kujisifu, akamtaja Wilson. Carson akamwalika, na nyota yake ikaanza kung'aa.

Mtayarishaji Bob Henry aliweka jukwaa la duara, watazamaji wakakaa pande zote. Hapo ndipo alipotokea kipenzi chetu Geraldine: Wilson mwenyewe, ndani ya gauni fupi la rangi kali, wigi na viatu vya visigino virefu, akimsifia mpenzi wake Killer ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kila kosa alimsingizia shetani, na Marekani nzima ikaiga kisingizio hicho. Wapo walioona kwamba anawadhalilisha wanawake Weusi. Sisi tulimwona mwanamke anayejiheshimu, asiyekubali kuonewa na mtu.

Wachekeshaji Richard Pryor na George Carlin walikuwa miongoni mwa waandishi wa kipindi. Mwimbaji James Brown aliimba usiku wa kwanza. Baadaye walikuja Aretha Franklin, Jackson 5, Ray Charles na wengine wengi.

Kwa misimu miwili ya mwanzo kipindi kilishika nafasi ya pili nchini kwa watazamaji. Mwaka 1971 kilipata tuzo mbili za Emmy. Januari 1972 Wilson alitokea kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka huohuo kituo pinzani cha CBS kilileta tamthilia ya The Waltons saa ileile, na mambo yakawa magumu kidogo. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 27 Juni 1974.

Wilson alifariki tarehe 25 Novemba 1998. Enyi wachekeshaji vijana, zitafuteni kanda zake mzitazame.