Kivuli cha Ukingo wa Kioo

Kioo hiki chenye doa jeusi ni mfano wa vile vioo walivyotumia watafiti David Hubel na Torsten Wiesel mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1958.

Walikuwa wameingiza waya mwembamba kuliko unywele kwenye ubongo wa paka aliyetiwa usingizi, upande wa kisogoni, huku wakimwonyesha madoa. Saa zikapita, seli waliyoisikiliza kwa waya huo kimya. Mara, wakati wa kuchomeka kioo kwenye kifaa cha kumulika ndani ya jicho, spika iliyounganishwa na waya ikatatarika mfululizo. Doa halikuhusika kabisa! Kilichoiamsha seli ni kivuli chembamba cha ukingo wa kioo, tena kikiwa kimelala upande mmoja tu. Kikigeuzwa, seli inanyamaza.

Basi kikombe unachokiona hakiingii ubongoni kikiwa kikombe. Seli za kisogoni hunasa mistari na kingo. Zilizo mbele zaidi, karibu na usawa wa masikio, huunganisha umbo zima, hata sura ya mtu. Aliyeumia sehemu hizo huweza kuziona funguo, pengine akazichora vizuri, asijue ni nini mpaka azishike mkononi.

Hubel na Wiesel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.