Saratani: Familia na ujirani visivunjike wakati wa matibabu

MAMA mkulima wa pamba katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, anapoambiwa kuwa ana saratani ya mlango wa kizazi, swali lake la kwanza huwa ni kama atapona. Swali la pili, ambalo mara nyingi haliulizi kwa sauti, ni nani atakayeangalia watoto, mifugo na shamba wakati yeye yuko hospitalini.

Swali hilo la pili si dogo. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, matibabu ya mionzi yanapatikana katika Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, na msafiri wa kutoka Bariadi kwa kawaida hupitia Lamadi ndipo aishike barabara ya Musoma kuelekea Mwanza. Kabla ya huduma hiyo kufika Bugando, wagonjwa walilazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha mionzi nchini. Safari imekuwa fupi, lakini mgonjwa bado anakaa mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa.

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2022 yanaonyesha kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Wengi wao ni mama wa familia. Nyuma ya kila mmoja kuna nyumba inayohitaji kuendelea kuishi.

Ratiba ya matibabu kwanza

Jambo la kwanza ambalo ukoo unapaswa kulijua ni ratiba. Matibabu ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hutolewa siku tano za wiki, kwa wiki tano au zaidi, kisha hufuatiwa na mionzi ya ndani. Wataalamu wanashauri kazi yote ikamilike ndani ya wiki nane, kwa kuwa matibabu yanaporefuka kupita muda huo uwezekano wa kuushinda ugonjwa hupungua.

Hapa ndipo wajibu wa jamii na wajibu wa tiba vinapogongana. Shangazi amefariki, pamba iko tayari kuvunwa, binti anatolewa mahari. Kila moja ya shughuli hizo ni sababu nzito ya kurudi Sapiwi, lakini kila siku ya mionzi inayorukwa ina gharama yake. Inafaa wazee wa ukoo wakubaliane mapema, kabla mgonjwa hajaondoka, nani atamwakilisha katika misiba na sherehe, na ajulishwe kuwa kutokuwapo kwake hakutahesabiwa kuwa dharau. Ruhusa hiyo ikitolewa na wakubwa hadharani, humwondolea mgonjwa mzigo mkubwa.

Tiba ya dawa za kuua seli za saratani ina mwendo mwingine. Dawa nyingi hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Familia ikiziandika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, itajua siku za uchovu na siku za nguvu. Siku za nguvu ndizo za kwenda sokoni, kanisani au kumtembelea jirani.

Wageni, misiba na ngoma

Kumjulia hali mgonjwa ni heshima ya msingi kwetu, na kumfungia mlango mgeni ni aibu. Hata hivyo, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kupata dawa nyingi za aina hii, chembe nyeupe za damu hushuka na mwili hushindwa kupigana na maambukizi. Katika siku hizo wageni wawe wachache, wanawe mikono kwa sabuni, na mwenye mafua au kikohozi atume salamu kwa simu. Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, asisubiri kupambazuke wala asinywe dawa ya kutuliza homa akalala. Awahishwe hospitalini siku hiyo hiyo, na aeleze kuwa yuko katika tiba ya saratani.

Msimu wa mavuno unapokwisha, Usukumani ni wakati wa ngoma, na mashindano ya Wagika na Wagalu hukusanya umati. Hakuna sababu ya kumzuia mgonjwa asihudhurie kabisa. Achague siku zake za nguvu, akae pembeni penye hewa, na aondoke mapema. Kucheka na watu wake kwa saa moja kuna faida ambayo haipatikani katika chupa ya dawa.

Watoto waambiwe nini

Wazazi wengi huficha. Mtoto huambiwa kuwa mama amekwenda kusalimia ndugu Mwanza, kisha anamwona akirudi amekonda na hana nywele. Mtoto asiyeelezwa hujitungia maelezo yake, na mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli. Wengine huamini kuwa utundu wao ndio ulioleta ugonjwa.

Mtoto mdogo anatosheka na maneno machache: mama anaumwa, ugonjwa unaitwa saratani, si kosa la mtu, hauambukizwi kwa kukumbatiana, na bibi ndiye atakayepika hadi mama arudi. Mkubwa zaidi aelezwe matibabu na muda wake. Mwalimu wa darasa naye ajulishwe. Binti mkubwa asigeuzwe kuwa mama wa nyumba hadi akaacha shule. Kazi zigawanywe kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, na kwa ndugu wa jirani.

Mume na mke

Hili husemwa kwa nadra. Mionzi ya nyonga huweza kusababisha ukavu na maumivu ukeni, na hamu ya tendo la ndoa hupungua. Mume asiyeelezwa huenda akadhani amekataliwa, na mke huogopa kuachwa. Wote wawili wana haki ya kumuuliza daktari au muuguzi lini ni salama kuendelea na njia gani zitasaidia. Mimba izuiwe katika kipindi chote cha matibabu. Mume anayemsindikiza mkewe kliniki, hata mara moja, hurudi na majibu ambayo hangeyapata kwa majirani.

Chakula na usafi

Kinywa kikiwa na vidonda, chakula laini huliwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku: uji, maziwa yaliyochemshwa, samaki, au michembe iliyopikwa ikalainika na kuungwa karanga. Mgonjwa ale pamoja na wenzake. Hakuna haja ya kumtengea sahani wala kikombe. Tahadhari inayohitajika ni ya siku mbili hivi baada ya kupata dawa: anayesafisha matapishi, mkojo au nguo zilizochafuka avae glavu na anawe vizuri.

Ngozi iliyopigwa mionzi isikandwe kwa maji ya moto wala kupakwa mafuta bila ushauri. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari, kwa sababu baadhi huingiliana na tiba au kuumiza ini.

Uvumi

Saratani haiambukizwi kwa kugusana, na mionzi inayotolewa kwa mashine kutoka nje ya mwili haibaki mwilini, hivyo mgonjwa anaweza kumpakata mtoto wake jioni hiyo hiyo. Minong'ono ya kurogwa huvunja koo na kumchelewesha mgonjwa kwa waganga huku ugonjwa ukisonga mbele. Mzee anayesimama kwenye mkutano wa kijiji na kuyasema haya huokoa zaidi ya mtu mmoja.

Kazini

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Mgonjwa asiache kazi kabla ya kuzungumza na mwajiri.

Inafaa kukumbuka kuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika kanda hii, aliendelea kuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi huku akiugua saratani ya damu, hadi alipofariki dunia jijini London Oktoba 14, 1999. Mgonjwa hapotezi nafasi yake kati ya watu kwa sababu ya jina la ugonjwa wake.

Anayeuguza naye ni binadamu

Dada au binti anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa kwa wiki sita ameacha nyumba yake pia. Ukoo upange zamu, umchangie nauli na chakula, na umruhusu kulia. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mahali pa kuuliza kuhusu gharama na malazi, na ni vema kufika huko siku ya kwanza kuliko fedha zikishakwisha.

Mama yule wa Sapiwi atarudi. Pengine atapona, pengine atahitaji matunzo marefu na dawa za kutuliza maumivu. Kwa vyovyote vile, atakachokikuta ni kile ambacho ndugu na majirani zake walikilinda akiwa hayupo: watoto walio shuleni, shamba lililopaliliwa, na kiti chake kikiwa pale pale mezani.