Upenyo Kati ya Mapanga: Tabaini katika Historia ya Pwani ya Tanga

Kijiji cha Mkwaja kiko kati ya Saadani na mdomo wa mto Pangani, kikiitazama Unguja ng'ambo ya bahari. Mwaka 1914 manowari za enzi mbili zilikuwa zikiwindana katika pwani hii. Königsberg ya Wajerumani, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, iliendeshwa kwa pistoni. Chatham, Dartmouth na Weymouth, zilizotumwa na Waingereza kuisaka, ziliendeshwa kwa tabaini za mvuke za Parsons.

Charles Parsons alikuwa ameunda tabaini yake ya kwanza mwaka 1884. Aligundua kwamba mvuke ukiachia presha yote kwa mkupuo mmoja hutoka kwa kasi isiyoweza kutumika vizuri. Akaigawa presha hiyo safu kwa safu: mapanga yaliyosimama huuelekeza mvuke, yanayozunguka huupokea, kisha safu nyingine ya kusimama, na nyingine ya kuzunguka. Mpangilio huo ndio uliobaki hadi leo, na mimi naona historia yake halisi imo katika ule upenyo mwembamba unaotenganisha safu moja na nyingine.

Kwetu Tanga tabaini zilizojenga uchumi zilikuwa za maji. Miaka ya 1930 maporomoko ya Pangani yalianza kufua umeme kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964 kikiwa na megawati 21, kisha mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68. Humo maji hupita kwanza kwenye mapanga ya kuyaongoza ndipo yaingie kwenye gurudumu, na kila panga la gurudumu linapokatiza mbele ya yale ya kuongoza, presha hupiga pigo. Mapigo hayo huweza kuchosha chuma hadi kipasuke, ila joto si tatizo.

Joto lilikuja na gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kufua umeme Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004 tu. Kituo cha Kinyerezi kikafuata, na sehemu yake ya pili, iliyozinduliwa mwaka 2018, ina tabaini sita za gesi, huku joto linalotoka humo likichemsha maji ya kuendesha mbili za mvuke. Umeme huo huingia kwenye gridi ileile ya Hale na Pangani.

Ndani ya mitambo ya namna hii gesi iliyokwisha kuwaka hufika safu ya kwanza ikiwa na joto la kuzidi nyuzi 1,000, na katika mitambo mikubwa ya kisasa hupita kiwango cha kuyeyusha chuma cha mapanga yenyewe. Kinachoyaokoa ni hewa iliyochotwa kwenye kompresa, sehemu ya mtambo inayobana hewa, ikapitishwa ndani ya panga na kutokea kwenye vitundu vidogo, ili itandaze utando wa baridi juu ya ngozi ya chuma.

Utando huo hautulii. Nyuma ya kila panga lililosimama mkondo huvurugika, kama maji ya kupwa yanavyovurugika nyuma ya miti ya wando la kutegea samaki. Panga linalozunguka hukata mivurugo hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara utando huchanika, joto likapenya. Vyumba ambamo gesi huwakia navyo havitoi joto sawasawa. Ile michirizi mikali zaidi hupita safu ya kwanza na kujikusanya upande wa tumbo la panga linalozunguka. Gesi nyingine hupenyeza chini, kwenye mwanya kati ya sehemu iliyosimama na diski inayobeba mapanga yanayozunguka, na hiyo nayo hudai hewa ya kuizuia. Ukizisogeza safu karibu, mapigo huzidi. Ukizitenganisha mno, mtambo hurefuka na nguvu hupotea njiani.

Mafundi hawawezi kuona hayo mtambo ukiwa unafanya kazi. Ukizimwa na kupoa, huingiza kamera nyembamba kupitia tundu la ukaguzi na kuangalia ukingo wa mbele wa kila panga: rangi iliyobadilika, tabaka-kinga lililobanduka, vitundu vilivyoziba. Dosari ikivuka kiwango, panga hutolewa, hata kama bado lina umbo lake lote.